Wasimamizi wa mashamba ya kukodisha Igurusi: nyota tatu na nusu, na sababu zake

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ilikuwa ziwe tano, lakini kuna suala la picha na suala la kamisheni, yote mawili nitayafikia.

Mimi ni karani wa mahakama, makazi yangu Dodoma, na ndimi msimamizi wa mirathi ya marehemu baba. Alituachia shamba la mpunga Igurusi, wilaya ya Mbarali, upande wa chini wa barabara kuu iendayo Mbeya. Wenyeji wanalihesabu ekari kumi. Majaruba yake, yaani vitalu vya mpunga vyenye kingo za kuzuia maji, baba aliyatengeneza kidogo kidogo kwa miaka mingi, na maji yanafika kwa mfereji. Warithi tuko watano, na hakuna hata mmoja anayeishi mkoa wa Mbeya. Kuuza hatutaki. Kulima kwa simu, unatuma hela ya mbolea huku hujui kama mbolea imefika shambani au imeishia dukani, nimeona wenzangu kazini wakifanya na sijatamani. Kwa hiyo tunakodisha msimu kwa msimu, tunagawana kodi.

Zamani shamba lilikuwa mikononi mwa baba mdogo. Sina ubaya naye, Mungu amweke, ila ndugu hadaiwi risiti. Alikuwa akisema "mwaka huu maji yalisumbua", na hapo hesabu imekwisha. Alipochoka ndipo tukaenda kwenye ofisi hii.

Ofisi ni chumba kimoja karibu na mashine za kukoboa: meza, kabati la chuma, na ukutani mchoro wa mifereji uliochorwa kwa kalamu ya wino na kurekebishwa mara nyingi hadi karatasi imechubuka. Anaiendesha bwana shamba mstaafu pamoja na vijana wawili wenye pikipiki. Jina siliweki hapa. Nilipomwambia mzee kwamba nitaandika, alijibu, "Andika mama, ila usinitangaze." Nimemheshimu, na kwa kuwa si yote nitakayosema ni sifa, naona imekuwa vizuri kwetu sote wawili.

Bei yao ni asilimia kumi ya kodi ya msimu, na shilingi 60,000 za kupima shamba, ambazo unalipa mara moja tu. Kwa bei hiyo wanapima, wanakuletea mpangaji, wanaandika mkataba, wanafuatilia maji, wanakagua katikati ya msimu, kisha wanapokea shamba baada ya mavuno.

Niseme mapema: kama unawalipa ili wakutafutie mpangaji, unapoteza hela. Igurusi wapangaji hawatafutwi. Ikifika Oktoba, ukionekana tu umesimama kwenye tuta na viatu vya mjini, mtu atakusogelea akuulize kama shamba lina mtu. Asilimia kumi yao inafanya kazi kwingine, na ya kwanza ni kwenye vipimo.

Ekari ya kwetu ni sabini kwa sabini, kila mtu anajua. Lakini sabini za nini? Za mita zinakupa mita za mraba 4,900, wakati ekari ya vipimo halali ni kama 4,047. Tofauti ni zaidi ya mita za mraba 850, yaani kama moja ya tano ya ekari. Ukimkodisha mtu ekari kumi za sabini mita kwa sabini, analima kumi na mbili analipa kumi. Za hatua nazo zinategemea miguu ya anayepima, na anayepima kwa kawaida ni mtu wa mpangaji.

Siku ya kupima nilikuwepo. Kijana wa ofisi alizunguka shamba na kifaa cha GPS, akisimama kila kona ambapo baba alipanda mkonge. Mpangaji wetu ni mama mfanyabiashara wa mchele, ana stoo yake hapo hapo Igurusi. Yeye alileta mtu wake wa hatua, na mzee hakumzuia. Alisema, "Pimeni wote, tuone." Mtu wa hatua alianza kwa hatua za kawaida, lakini kadiri alivyosogea mbele zikarefuka, mpaka mwisho alikuwa anaruka. Mzee alimwacha amalize, halafu akamwomba arudie upande ule ule akitokea upande wa pili. Zilipatikana hatua tisa zaidi. Hakuna aliyebishana. GPS ilitoa ekari 11.6.

Mama wa mchele alicheka: "Sasa hiyo nukta sita, mwanangu, nitailima na nani?" Tukaelewana kumi na moja na nusu. Kwa bei ya 220,000 kwa ekari, kodi ya msimu ikawa 2,530,000. Kwa ekari kumi za mazoea ingekuwa 2,200,000. Nyongeza ni 330,000. Toa asilimia kumi ya ofisi, 253,000, na 60,000 za kupima, zinabaki 17,000. Maana yake kwa msimu wa kwanza kipimo peke yake kimewalipa wao, na msimu unaofuata ile 60,000 haipo tena.

Bei yenyewe inategemea maji kuliko udongo. Jaruba lililo karibu na banio, pale maji yanapochepushwa kuingia mferejini, na lile la mkiani mwa mfereji yanaweza kuwa na udongo ule ule, na bei zisifanane kabisa. Letu liko katikati. Kuna wamiliki wanaopenda kulipwa kwa magunia baada ya mavuno, kwa matumaini kwamba mpunga utapanda bei. Mzee alinishauri fedha taslimu kabla ya kuchavanga, yaani kabla ya kuvuruga tope la kupandikizia, na nakubaliana naye. Kodi ya magunia inakuletea mgogoro wa pili, kama gunia ni la debe sita au ni lumbesa, lile la kujazwa kupita kiasi, na mtu wa Dodoma hana namna ya kuamua hilo kwa simu.

Kwenye mkataba nilikuwa mkali, ndiyo kazi yangu. Wao wana mkataba wao wa kurasa mbili, wa Kiswahili kinachosomeka, na kwa sehemu kubwa ni mzuri. Mipaka imetajwa kwa majirani wa pande zote nne. Tarehe ya kuanza ni 1 Novemba, ya kumaliza ni 31 Julai. Mpangaji haruhusiwi kumkodisha mtu mwingine, kupanda mti, kuchimba kisima wala kujenga chochote zaidi ya kibanda cha mlinzi. Ameshuhudia mtendaji wa kijiji kwa muhuri, na majirani wawili wamesaini.

Nilibadilisha vitu viwili. Waliandika mimi ndiye "mwenye shamba". Siyo. Shamba ni la mirathi na mimi ni msimamizi tu, na karatasi inayoniita mwenye shamba itakuja kusomwa siku moja na mtu mwenye nia yake, labda hata na mtoto wangu mwenyewe. Cha pili ni ushuru wa stempu, ambao kwao haukuwemo kabisa. Mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe, pamoja na adhabu yake. Nimeona kesi nzuri zikisimamishwa kwa hilo. Stempu niliilipia mwenyewe, na nimewaambia waiweke kwenye huduma yao.

Wenye mashamba wengi ninaozungumza nao wanaogopa kwamba mpangaji akikaa sana atageuka mwenye mali. Wamesikia habari ya miaka kumi na miwili. Miaka hiyo ipo kweli kwenye Sheria ya Ukomo, ndiyo muda wa kudai ardhi. Lakini aliyeingia kwa ruhusa yako hawezi kuligeuza shamba kuwa lake kwa kukaa tu, hata akae miaka thelathini. Shida ni kuthibitisha kwamba aliingia kwa ruhusa yako. Mwenye shamba aliyempa ruhusa amefariki, mashahidi wamehama, na aliyemo shambani anasema alinunua. Karatasi ya kila msimu yenye sahihi yake, ikisema anakodi, inalikata jambo hilo kabla halijaanza. Na kama likianza, mjue Baraza la Kata siku hizi halihukumu. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021 linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Watu bado wanafika kwetu na "hukumu ya kata" ya juzi, wameikunja vizuri kwenye bahasha.

Kwenye maji ofisi hii inastahili nyota zote. Shamba liko chini ya umoja wa watumiaji maji wa mfereji. Kuna ada, na kuna siku za kusafisha mfereji ambazo usipotokea au kutuma mtu unapigwa faini. Usipolipa, zamu yako inarukwa. Mpangaji husema ada ni ya mwenye shamba, mwenye shamba husema maji anatumia mpangaji, na mpunga uko pale pale unasubiri. Kwenye mkataba wao ada ni ya mwenye shamba na kazi ya mfereji ni ya mpangaji, basi. Ofisi ililipa ada kwa hela yangu, wakanitumia picha ya risiti siku hiyo hiyo.

Januari mpunga ulikuwa umeshapandikizwa, na zamu yetu ilikuwa ya usiku. Maji yakawa yanafika nusu. Mama wa mchele alipiga simu ofisini, hakunipigia mimi, na hiyo kwangu ni alama nzuri. Kijana mmoja alikwenda akakaa mferejini usiku kucha na tochi. Alfajiri alimkuta jirani wa juu ameweka kiroba cha mchanga kwenye lango lake. Hawakupigana. Alikipiga picha kiroba, akakitoa, akampelekea kiongozi wa mfereji. Mimi niliamka nikakuta mambo yamekwisha.

Mzee pia ndiye aliyekataa tusiandike chochote kuhusu kilimo cha kiangazi, ingawa mpangaji aliuliza. Vibali vya maji Usangu, bonde ambamo Igurusi imo, viko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, na kiangazi maji yanabanwa ili mto Ruaha Mkuu uendelee kutiririka kwenda Hifadhi ya Ruaha na bwawa la Mtera. Mwenye shamba anayemuahidi mpangaji maji ya Agosti anaahidi kitu kisicho chake. Dalali wa kawaida angeahidi, akachukua chake, akaondoka.

Sasa picha. Huduma yao inajumuisha ukaguzi wa katikati ya msimu, wenye picha na maelezo mafupi kwenye WhatsApp. Za Februari zilikuja vizuri, mpunga wa kijani, maji kwenye majaruba, nikawatumia wadogo zangu. Za Machi nilizitazama mara mbili. Mpunga ulikuwa umebeba, mzuri kweli, lakini nyuma yake kulikuwa na mwembe. Shambani kwetu hakuna mwembe. Kuna mikonge kwenye kona na mti mmoja wa mkuyu upande wa mfereji, ambao baba alikataa kuukata hata ulipokuwa unafanya kivuli kwenye jaruba. Nikamuuliza kijana, akasema alichanganya folda kwenye simu. Inawezekana, wana mashamba mengi. Lakini nilipomwomba za kwetu zilichukua zaidi ya wiki kufika, na mpunga ndani yake ulikuwa umeshaanza kuwa wa dhahabu. Hitimisho langu ni kwamba Machi hakuna aliyekwenda. Hakuna kilichoharibika, mpangaji ni mtu makini, lakini ukaguzi nilishaulipia. Kwa hilo nimetoa nusu nyota.

Kamisheni imetoa nyota nzima. Mama wa mchele aliniambia, tena kama jambo la kawaida kabisa, kwamba alipewa shamba baada ya kulipa 100,000 "ya kuonyeshwa". Mimi nalipa asilimia kumi, yeye naye amelipa. Nilimuuliza mzee, hakukana. Alisema, "Ndiyo desturi ya hapa, mama, hata dalali wa nyumba anafanya hivyo." Anafanya, na ndiyo maana hakuna anayempenda dalali wa nyumba. Msimamizi ni wa upande mmoja. Siku mpangaji akichelewesha kodi, au akivunja kingo, nataka anayekwenda kumwambia asiwe na hela yake mfukoni. Tulizungumza kwa heshima, maana kwa umri ni baba yangu, na tumekubaliana kwamba kwenye shamba letu haitatokea tena. Kwa wateja wengine sina neno. Waulizeni wapangaji wenu.

Kuna jambo ambalo watu wa mbali hawalifikirii: mabua. Mpunga ukishavunwa wafugaji wanakuja na ng'ombe, na Usangu ng'ombe ni wengi, wanalipa ili walishe mabaki. Hela hiyo ni ya nani? Mpangaji anasema mabua yametokana na mpunga wake. Mimi nasema ng'ombe wanakanyaga kingo zangu. Mkataba wao ulikuwa kimya. Mzee alituketisha, na tulichoafikiana ni kwamba mabua ni ya mpangaji mpaka 31 Julai, ila kingo zitakazobomoka anazirudishia yeye kabla ya kukabidhi. Naona ni haki, na sasa limeandikwa.

Kukabidhi kulifanyika vizuri kuliko nilivyotarajia. Kijana alitembea shamba zima na orodha. Alikuta kingo mbili za katikati zimevunjwa ili trekta ipite, na kwenye kona moja mkonge umeng'olewa. Kingo zilikatwa 40,000 kwenye dhamana ya mpangaji. Mkonge ulipandwa upya siku hiyo hiyo mbele ya jirani, na huo ndio niliojali zaidi. Majaruba yakiunganishwa ovyo na kona zikapotea, baada ya misimu michache huna mpaka, una maelezo tu. Dhamana yenyewe, 200,000, ilikaa kwao msimu mzima. Ningependa ikae kwa mwenye shamba, nimewaambia, wanalifikiria.

Kwa shamba dogo, tuseme ekari mbili, sidhani kama inalipa. Asilimia kumi ya kodi ndogo haimfanyi kijana apande pikipiki usiku kwa ajili yako, na hilo hata yeye atakuambia. Hapo afadhali jirani mwaminifu umpe kitu. Na kama unachotafuta ni mtu wa kukulimia, siyo hawa. Hawalimi, na wala hawakuahidi faida ya asilimia fulani kama zile kampuni za mtandaoni.

Tumeendelea nao kwa msimu huu, kwa masharti mapya matatu: picha zote zichukuliwe kutoka kona yenye mkuyu, hakuna hela ya kuonyeshwa, na stempu ilipwe kabla ya mtu kuingia shambani. Mama wa mchele yeye anataka zaidi. Ameomba misimu mitatu mfululizo, kwa sababu kwa msimu mmoja haoni faida ya kumwaga samadi wala kusawazisha majaruba ambayo mwakani atapewa mwingine. Ana hoja. Mpangaji wa msimu mmoja anatia urea, anavuna, anaondoka, na udongo unabaki na deni. Nimependekeza tumpe mitatu, bei ipitiwe kila Oktoba. Warithi watatu tumekubali, mdogo wangu wa Songea amekataa, na kaka hapokei simu.

Wanaotaka kuwajaribu wafike kabla ya Oktoba kuisha. Baada ya hapo wako mashambani na ofisi inakuwa imefungwa mchana kutwa. Njoo na hati ya kimila kama unayo, au barua ya serikali ya kijiji. Kama shamba ni la mirathi, leta barua ya usimamizi kutoka mahakamani, nakala na halisi, kwa sababu mzee anataka kuiona halisi kwa macho yake kabla hajafungua kabati.